Bwana Afya na Nyufa za Nyumba Zetu

Mara ya kwanza Bwana Afya kunisemesha, alinisemesha kupitia ukutani. Ilikuwa siku yangu ya tatu Karatu, mwalimu mpya niliyetoka Dodoma, na nilikuwa nimejifunga blanketi juu ya koti huku nikihangaika kuwasha kuni katika kile chumba cha nyuma nilichoambiwa ndicho jikoni. Mwezi ulikuwa wa sita. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro tangu jana yake na haukuonyesha dalili ya kuondoka. Nikasikia mtu anagonga matofali kwa upande wa pili, kisha sauti ya mwanamume.

"Mwalimu, hapo mafiga umeyaweka wapi?"

"Karibu na mlango," nilijibu, nikiutazama ukuta.

"Yahamishie huku. Huko unaupasha moto mlima."

Nikayahamisha. Nilidhani nimepata jirani mwenye huruma, na kweli nilikuwa nimempata, lakini ilinichukua miezi miwili kugundua kwamba upande wa pili wa ukuta ule, pale pale alipokuwa akigonga, ndipo kilipokuwa kitanda chake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya serikali, nyumba moja ndefu iliyogawanywa katikati, nusu ya mwalimu na nusu ya afisa wa afya. Tulikaa hivyo karibu miaka sita. Kila mtu alimwita Bwana Afya, hata karani aliyekuwa akimletea mshahara. Jina lake halisi nililisikia mara moja tu, kwenye mkutano wa kijiji, na sikujua anaitwa nani mpaka nilipomwona anasimama. Alikotoka sikupata kujua. Alikuwa akisema "kwetu" kana kwamba ni mahali tunapopafahamu sote, na ukimwuliza kwao wapi, anakuuliza kwenu wanapikia kuni za mti gani.

Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo, visima, machinjio na vibanda vya chai. Alikuwa na baiskeli ya serikali aliyoisukuma zaidi kuliko kuipanda, maana njia za kule kama si mlima ni tope. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama, na mwendo wa mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka.

Siku nilipokijua kitanda chake nilikuwa nimempelekea uji. Alikuwa na homa, na kwa mara ya kwanza niliingia upande wake. Nikaona kitanda kimebanwa ukutani, na pale kwenye kichwa chake matofali yamekuwa meusi kidogo kwa moto wangu wa upande wa pili. Nikaugusa ukuta. Ulikuwa na uvuguvugu kama tumbo la ng'ombe.

"Kumbe kuni zangu ndizo zinakupasha moto wewe," nikamwambia.

Alikunywa uji kwanza. Halafu akasema, "Zinakupasha na wewe. Mimi nachukua kile kinachopita."

Sikukasirika, maana alivyosema ilikuwa kweli. Lakini alipopona, Jumamosi iliyofuata, alikuja na udongo wa mfinyanzi kwenye toroli akanijengea jiko la kuegemea ukuta ule, lenye mdomo mdogo wa kuingizia kuni mbili tatu tu. Alilijenga asubuhi mpaka jioni, akalipiga kwa kiganja, akalisikiliza kama daktari. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku nne ukawa unanifikisha mwisho wa wiki. Kwa mshahara wa mwalimu mpya, na kuni za kule zilivyokuwa zikizidi kupanda bei kila watu walipozidi kukatazwa kuingia msituni, lile jiko lilinifaa kuliko zawadi yoyote niliyopewa nikiwa msichana.

Watu hawakukosa la kusema. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akafunga mlango.

"Inasemekana wewe na Bwana Afya mnatumia jiko moja."

"Tunatumia ukuta mmoja, Mwalimu."

Nikamweleza mambo yalivyo. Alinisikiliza amekunja uso, na nilipomaliza akawa anaviringisha kalamu. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Na joto linapita kweli?" Wiki ile ile nilimwona Bwana Afya nyumbani kwa Mwalimu Mkuu, amevua viatu, yuko ndani ya udongo mpaka vifundoni.

Mfukoni mwa shati lake, sambamba na kalamu ya serikali, alikuwa na unyoya wa kifaranga aliouning'iniza kwenye uzi. Akishamaliza kukagua choo cha mtu na kumwandika au kumsamehe, anaomba ruhusa aingie ndani. Humo anautoa ule unyoya, anaupitisha polepole pembeni mwa mlango, chini ya dirisha, kwenye pembe za ukuta, na juu pale mabati yanapokutana na tofali. Unyoya ukitikisika anasimama. Anaweka mgongo wa mkono. "Hapa," anasema, si kwa yeyote. Watoto walimfuata nyumba hadi nyumba kwa ajili ya unyoya huo. Wakubwa mwanzoni walimcheka, halafu baridi ya mwezi wa saba ilipokolea wakaanza kumwita.

Inabidi nieleze kidogo juu ya nyumba zenyewe. Watu wa milima ile, Wairaqw, walikuwa tangu zamani wakijenga tembe, nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake udongo na majani, ya chini, yenye giza, na ndama ndani. Miaka michache kabla sijafika, watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya vilivyopimwa kwa mistari, na wakaambiwa wajenge nyumba za kisasa zenye madirisha. Mwenye uwezo aliezeka bati. Nyumba hizo zilipendeza kuzitazama ukiwa barabarani. Ukilala ndani yake mwezi wa saba, bati linatiririka maji ya pumzi zenu wenyewe, na upepo unaingia juu ya ukuta na kutokea chini ya mlango. Mafuta ya taa yalikuwa ya foleni, mablanketi yalikuja dukani kwa mgao wa balozi wa nyumba kumi, na familia ikipata moja inashukuru. Watu walichoma magunzi, wakachoma kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, wengine wakachoma ua wao wenyewe.

Sasa Bwana Afya ndiye aliyekuwa ametumwa kuwatoa watu kwenye tembe. Ndiye aliyewahimiza wakate madirisha mapana hewa iingie, na ndama walale nje. Alizunguka mchana akiwahimiza, na jioni akarudi nyumbani kwake, ambako dirisha lake mwenyewe lilikuwa limezibwa kwa gunia la maganda ya mahindi tangu siku alipohamia. Nilimwuliza habari ya lile gunia. Alinijibu kwamba yeye yuko peke yake na kifua chake kizima, na sheria inahusu familia. Halafu, baada ya muda, kupitia ukutani: "Nimekudanganya, Mwalimu. Ni baridi tu."

Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Safari, aliyekuwa na shamba la ngano na maharage kwenye mteremko wa Rhotia na ambaye alikataa katakata kuacha tembe lake. Bwana Afya alikwenda kumkagua mara nyingi kuliko mtu yeyote wilayani, na faili lake halikufungwa. Jumamosi moja nilifuatana naye kwa sababu nilitaka maharage. Alimsalimu yule mama kwa Kiiraqw kibaya, naye akamjibu kwa Kiswahili.

"Umekuja kuniandika au umekuja kuota moto?"

"Yote mawili."

"Basi anza na kuota."

Tukaingia tumeinama. Ndani kulikuwa na moto wa vijiti vitatu tu, wala haukuwaka vizuri, lakini nilivua koti kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile. Bwana Afya aliweka viganja vyote viwili kwenye ukuta wa nyuma, ule ulioshikana na kilima, akakaa hivyo.

"Mama Safari, hivi kwa nini ndani hapa hapapoi?"

"Unaniuliza mimi, na wewe ndiye umesoma?"

"Hatukufundishwa hili."

Mama alichochea moto. "Huo unaoushika si ukuta. Ni mlima wenyewe. Upepo utaingilia wapi?"

Alilibeba jibu lile njia nzima, akilirudia, akisimama kuutazama mlima kama vile umemficha kitu. Lakini alikuwa amekisikia pia kile kikohozi cha Mama Safari, kikavu, cha miaka mingi ya moshi. Kabla ya kuondoka alikuwa amemshawishi atoboe tundu la ukubwa wa sahani juu ya mafiga. Mama alitoboa, mbele yetu, kwa heshima zote. Tulipofika mtoni Bwana Afya akakumbuka ameacha kofia. Tuliporudi tundu lilikuwa limeshazibwa kwa kanga kuukuu. Alichukua kofia, akamwamkia tena, akaandika kwenye daftari lake kwamba atarudi mwezi ujao.

Mambo yake ya nyumbani yalinichekesha na baadaye nikayaiga karibu yote. Alichemsha maharage robo saa tu, kisha akakitia chungu chenye moto wake ndani ya kapu kubwa lililojaa majani makavu ya migomba, akakifunika kwa gunia. Jioni anakuta yameiva yenyewe. Alipika ugali saa kumi na moja ili moto wa chakula uwe pia moto wa kulalia, na makaa akayafukia kwenye majivu ya kuamkia kesho, asiombe kiberiti kwa mtu. Aliweka jiwe jikoni, akalifunga kwenye kitambaa, akalitia miguuni kitandani. Alivaa soksi mbili mbili. Hakuvumilia mlango ulioachwa nusu wazi, hata kanisani. Nilimwona mara mbili akiinuka katikati ya mahubiri kwenda kuusukuma.

Na mtu huyo huyo kila alfajiri alioga nje, nyuma ya nyumba, maji ya baridi, ukungu umemfunika mpaka usione kitu ila kopo likipanda na kushuka. Nilishindwa kuelewa.

"Baridi ile naiendea mwenyewe," aliniambia. "Hii nyingine inanifuata kitandani."

Kwa nini alijali hivyo sikupata kujua vizuri. Niliwahi kumwuliza moja kwa moja, tukiwa tunasubiri mafuta ya taa kwenye foleni ya duka la kijiji. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu wanakula. Akasema ofisini wana karatasi ya vyoo, karatasi ya visima na karatasi ya madirisha. "Nimewaandikia miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza watoto wa huku wanalala miguu yao ikiwaje." Kisha foleni ikasogea, akaanza kumwuliza mtu wa mbele yetu kama bati lake lina dari.

Mwaka wa tano au wa sita wa ujirani wetu, kipupwe kilianza mapema na kuni zilikuwa mbichi kwa ukungu. Upande wa Oldeani kulikuwa na shamba kubwa la kahawa lenye laini za wafanyakazi, vyumba vilivyopangana kwa safu, bati juu na sakafu ya udongo. Walioishi humo walitoka Singida, Dodoma na Mbulu, na wengi walikuwa hawajawahi kuona pumzi yao ikitoka kama moshi. Bwana Afya aliomba ruhusa kwa msimamizi, akaenda huko Jumapili tatu mfululizo na unyoya wake, akawafundisha kukanda udongo, samadi na majani na kuziba ule mwanya wa juu ya ukuta. Alirudi amefurahi kuliko nilivyopata kumwona. Alinieleza habari za kijana mmoja mfanyakazi, Athumani, wa Singida, aliyeshika somo mara moja, akaziba chumba chake chote kwa siku moja kisha akawazibia majirani. "Unyoya hautikisiki," alisema. "Mwalimu, hautikisiki kabisa."

Asubuhi moja ya Jumamosi trekta la shamba lilisimama mbele ya nyumba yetu. Dereva alisema Bwana Afya anahitajiwa laini, kuna watu hawakuamka. Bwana Afya alitoka na shati halijafungwa vifungo. Akanigeukia.

"Twende wote, Mwalimu. Kuna mwanamke na mtoto mchanga."

Tulipofika tulikuta umati. Mke wa Athumani alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta, anatapika, na mtoto wake analia mikononi mwa mwanamke mwingine. Nilifurahi kumsikia akilia. Athumani alikuwa amelazwa kwenye nyasi, macho wazi, hawezi kunyanyua kichwa. Mganga wa zahanati ya shamba alikuwa amepiga magoti karibu naye. Mama yake Athumani, bibi aliyekuja kutoka Singida wiki ile kumwona mjukuu, alikuwa bado ndani. Walikuwa wamemwacha hapo kwa sababu kwake hakukuwa na haraka tena.

Jirani mmoja alitueleza. Bibi alikuwa anatetemeka tangu aliposhuka kwenye gari. Kuni hazikuwaka, zilifuka tu. Athumani akaona moshi utamwumiza mama yake, akanunua mkaa, kwa kuwa mkaa hauna moshi. Akalikoleza jiko nje, akaliingiza ndani likiwa jekundu, akafunga mlango. Mkewe alilala na mtoto karibu na mlango. Mama alipewa mahali pazuri, karibu na jiko.

Bwana Afya aliingia. Nilimfuata. Bibi alikuwa amelala kama aliyepumzika, blanketi limemfika kidevuni, na jiko la mkaa lilikuwa limebaki majivu. Bwana Afya alitoa unyoya mfukoni, akaurudisha mlango nyuma yetu, akaushika uzi juu, kwenye kenchi, halafu dirishani, halafu pembeni mwa mlango. Kila mahali unyoya ulining'inia wima. Alisimama hivyo mpaka mganga alipofungua mlango na kumwambia atoke.

Mazishi yalikuwa alasiri ile ile. Baada ya dua Bwana Afya aliomba kusema. Msimamizi wa shamba alimshika mkono kumzuia, naye Bwana Afya akauondoa.

"Mimi ndiye niliyewafundisha kuziba," alisema.

Athumani alikuwa amekaa chini, amefunikwa shuka. "Ulitufundisha kuziba. Mkaa niliuleta mimi mwenyewe."

"Sikukuambia habari ya mkaa."

"Hukuniambia," Athumani akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibu anachoulizwa.

Tulirudi kwa miguu, mwendo wa saa tatu. Hakuniuliza swali hata moja njia nzima, na ndipo nilipoogopa kwa ajili yake.

Jumatatu alianza kutoboa. Alichukua mtaimbo kutoka ofisini akazirudia nyumba zote alizozifundisha, moja moja, Karatu, Rhotia, laini za mashamba. Alitaka matundu mawili kila chumba, moja chini, moja juu karibu na bati, hewa ya sumu ipate pa kutokea, na mkaa usiingie ndani hata kwa dakika. Kuzunguka kuziba kulikuwa rahisi kuliko kuzunguka kufungua. Nyumba zilikuwa zimepata joto, kuni zinadumu, na watoto walikuwa wameacha kukohoa. Balozi mmoja alimzuia mlangoni.

"Bwana Afya, mwaka jana ulituziba. Mwaka huu unatutoboa. Mwakani utatufanyia nini?"

"Mwakani sijui. Leo naomba nitoboe."

"Sisi hatuna mkaa. Tuna kuni. Kuni mtu ataziona kwa moshi wake."

"Na siku kuni zikikosekana?"

Balozi alimwacha apite, lakini nyumba nyingi hazikumwacha. Wengine walimruhusu na kuziba jioni. Alijua. Alirudi tena. Watoto hawakumfuata tena kwa sababu hakuwa na unyoya, na mtaimbo haukuwafurahisha. Kwangu alikuja mwenyewe bila kuitwa, akatoboa juu ya dirisha na chini ya mlango, akaokota vipande vya tofali kwa mkono. Usiku, nilipowasha, nikagonga ukuta kumwambia kwamba jiko bado linapata moto. Alijibu, lakini sauti ilitoka mbali. Alikuwa amekivuta kitanda mpaka chini ya dirisha na kulitoa gunia.

Aliandika taarifa kwa wakubwa wake. Aliniomba niisome kwa sababu ya herufi, alisema, lakini nadhani alitaka mtu aijue. Aliandika kifo kilivyotokea, na kwamba maelekezo ya kuziba yalitoka kwake na hayakuwa na tahadhari. Nilimwambia sentensi ile ya mwisho haikuulizwa na mtu. Akasema ndiyo maana ameiandika. Miezi minne baadaye ilikuja barua ya uhamisho kwenda Wasso, kaskazini, mbali na njia zote. Barua haikutaja sababu, na yeye hakuuliza. Alipakia baiskeli, kapu la maharage na sanduku moja kwenye lori la mahindi. Athumani na mkewe walikuwa wamesharudi Singida.

Nilimwona tena mara moja. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mwezi wa tisa, nimetumwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule moja upande wa Piyaya. Nilifika Wasso nimechoka kwa siku mbili za lori, vumbi la tambarare limenijaa masikioni, na ofisini wakaniambia usafiri uliopo ni gari la chanjo. Ndani ya gari hilo, kiti cha nyuma, alikuwa Bwana Afya. Mvi zilikuwa zimemjaa. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono kwa muda mrefu.

"Karatu wanawasha nini siku hizi?" akaniuliza.

Nikamweleza mpaka tulipofika. Alisikiliza kwa makini, lakini maswali yake yalikuwa machache, na nilihisi anayauliza kwa adabu.

Mtihani ulichukua siku mbili. Siku ya kuondoka, gari likiwa bado linapakia majokofu ya dawa, dereva aliniambia jambo bila mimi kumwuliza. Alisema mzee huyu ni mtu mwema sana, ila ana kasoro moja. "Haingii nyumba yenye moto. Miaka yote niliyomwendesha anasimama mlangoni, anauliza akiwa nje, anaandika. Akina mama wanadhani anawadharau."

Nilimwona mbali kidogo kwenye boma, anapita akiwaandika watoto waliochanjwa. Nikamfuata. Upepo wa asubuhi ulikuwa mkali, nao unakuja moja kwa moja kutoka tambarare bila kukuta mti. Alikuwa amefika kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kimaasai, nyumba ya chini ya mviringo iliyokandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na alikuwa amesimama pale pale dereva aliposema, miguu nje, kichwa kimeinama mlangoni.

"Takwenya, Yeyo," alimwamkia kwa Kimaa, akimwita mama.

"Iko," bibi aliitikia kutoka gizani.

Aliuliza habari za wajukuu, akaandika. Nilitazamia aondoke. Lakini alikuwa ameona kitu, kwa sababu aliinama zaidi. Mlango wa nyumba ile haukuingia ndani moja kwa moja. Ulipita kama ujia mfupi, kisha ukakata kona, na chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kona.

"Yeyo, mlango huu unaufunga na nini?"

"Haufungwi."

"Hata mwezi wa saba?"

"Kwa nini nifunge? Upepo unafika hapo kwenye kona unarudi."

"Na moshi?"

"Moshi una tundu lake."

Bwana Afya aliweka mgongo wa mkono kwenye ukuta wa ujia, akausogeza mpaka mkono ulipoishia.

"Hiyo kona uliijenga wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine? Wanaume wanajua kujenga?"

"Ulijuaje ikate hapo na si mbele zaidi?"

Bibi alisema kitu kwa Kimaa, na ndama akalia ndani. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu aliyechoka kidogo, "Bwana Afya, unanizuia mwanga. Ingia au ondoka."

Niliona mgongo wake, koti la kaki limepauka mabegani.

"Moto unawaka humo?" aliuliza.

"Unawaka. Chai iko."

Alitazama nyuma akaniona. Nadhani hakuwa anajua kwamba niko pale. Alinipa mkoba wa daftari nimshikie, akainama, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akaingia mpaka kwenye kona. Pale alisimama tena. Nilihesabu pumzi zake kwa jinsi koti lilivyopanda na kushuka. Halafu akakata kona na sikumwona tena.

Nilisikia ndama, kisha kikombe, kisha yule bibi akicheka. Na baada ya hapo sauti yake, ileile iliyokuwa ikinijia kupitia tofali, ikiuliza majani haya ni ya mti gani, na udongo unachanganywa lini, na kabla ya wewe, Yeyo, mama yako alikuwa anakata kona upande upi.

Dereva alipiga honi mara mbili. Nilirudi kwenye gari nikamwambia azime injini.